Matope ya Pijo Nyeupe

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, Jemima alitoka chumbani akiwa na soksi moja mguuni, akalikuta gari la baba yake limelazwa juu ya kitambaa cha vyombo kando ya sinki, likichuruzika maji. Lilikuwa jeupe pe. Liling'aa kama kikombe cha wageni.

"Umeamka?" bibi yake alimuuliza bila kugeuka. "Uji uko kwenye sufuria."

"Magokoro," alisema Jemima, maana ndivyo Wakisii wanavyomwita bibi, "umefanya nini?"

"Nimewasaidia. Baba yako amelihangaikia gari hili tangu nije, likapendeza, halafu juzi likajaa matope yote yale. Leo si ndiyo siku ya kulipeleka kwa rafiki yake? Mtaingiaje kwa watu na zawadi chafu? Nimelisugua kwa mswaki, polepole, na sabuni ya vyombo."

Jemima aliketi sakafuni.

Ukubwa wa msiba ule haukuonekana kwa macho, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa la plastiki, urefu wa kiganja pamoja na vidole vyake. Lilikuwa Pijo 504, ndogo mara ishirini na nne kuliko ile ya barabarani. Miezi saba nyuma daktari alikuwa amemwambia Fanuel, baba yake Jemima, kwamba presha yake si ya kuchezea na kwamba atafute jambo la kumtuliza moyo. Wanaume wengine wa Ladywood, mtaa wao pale Birmingham, hukaa kando ya mfereji na ndoano. Fanuel, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alinunua sanduku lenye vipande mia moja na kumi na nane, akaweka meza kwenye kona ya sebule, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kupiga chafya ndani ya nyumba. Kando ya rangi na brashi aliweka mashine yake ya kupimia presha, ili aone jinsi anavyotulia. Siku aliyobandika taa za mbele, mashine ilisoma namba ambazo, kama zingekuwa za mgonjwa wake, angemlaza wodini.

Gari hilo lilikuwa zawadi kwa rafiki yake, mzee Gurnam. Gurnam alizaliwa Nakuru, akaja Birmingham akiwa kijana, akafanya ufundi wa magari kule Tyseley mpaka magoti yakagoma. Kabla ya hayo yote alikuwa amekaa kiti cha kushoto cha Pijo nyeupe katika mbio za magari za Safari, akimsomea ramani kaka yake, Kamaljit, aliyekuwa dereva. Kamaljit alifariki mwaka jana. Leo saa tisa Gurnam alikuwa anatimiza miaka themanini, na alichobaki nacho kutoka siku zile kilikuwa picha moja: kaka mtu ameketi juu ya boneti, anacheka, na gari limetapakaa tope jekundu hadi paani. Fanuel aliiazima picha ile, akaitundika juu ya meza yake. Rangi nyeupe aliipaka kwa wiki mbili. Matope aliyapaka kwa wiki tatu.

Tena hayakuwa matope ya dukani. Magokoro alipowasili mwezi wa tatu akiwa na viatu vyake vya shambani ndani ya sanduku, Fanuel aliona soli zile, akasahau kumkaribisha mgeni. Alizikwangua kwa wembe, akautia udongo kwenye kikopo cha dawa, akakifunga kama mtu anayefunga damu ya vipimo. Mwenye viatu alikuwa amejifungia bafuni kwa aibu.

"Kile kikopo kiko wapi?" aliuliza Jemima.

"Kipi?"

"Cha dawa. Cha udongo. Kilikuwa mezani."

"Ah, kile." Magokoro alikionyesha kwa kidole. Kilikuwa kimeinamishwa kwenye kitambaa, karibu na gari, kikimeremeta. "Nacho nimekiosha."

Hapo ndipo Magokoro alipomtazama mjukuu wake usoni, halafu akaitazama ile picha ukutani, halafu akalitazama gari. Kijiko alichokuwa nacho kikatua kwenye sinki.

"Uwi," alisema taratibu. "Yalikuwa yamewekwa."

"Yalikuwa yamewekwa, Magokoro."

Magokoro hakulia. Alikausha mikono, akaenda chumbani walimolala wote wawili, na Jemima akasikia zipu ya sanduku ikifunguka.

Kwa nyumba nyingine hili lingekuwa jambo la pole na samahani. Kwa nyumba hii halikuwa. Fanuel alikuwa mkwe wake Magokoro, na Magokoro alikuwa ameibeba heshima ya mama mkwe kutoka kwao Keroka mpaka ghorofa ya nane ya Ladywood bila kuipunguza hata kidogo. Fanuel akiingia sebuleni, Magokoro alihamia jikoni. Fanuel akila mezani, Magokoro alikula amesimama kando ya friji. Hawakuitana majina, hawakutazamana, na maneno yao yote yalipita kwa Jemima kama barua zinavyopita posta. "Mwambie baba yako supu imeiva." "Mwambie bibi yako nashukuru." Supu, wakati huo, ilikuwa hatua mbili kutoka puani mwa baba.

"Nimemkosea mkwe ndani ya nyumba yake," Magokoro alisema, akikunja gauni. "Nitakulaje chakula chake tena? Mama yako akirudi kazini jioni, anitafutie ndege."

"Ulisema utakaa mpaka mwezi wa nane!"

"Nilisema kabla ya leo."

Magokoro ndiye aliyemlea Jemima mpaka akaenda bweni, na ndiye aliyekuja kila siku ya wazazi na chapati ndani ya bakuli la plastiki. Miaka miwili iliyopita Jemima alipopanda ndege kuja huku, alijifanya anacheka mpaka mlango ulipofungwa. Hakuwa tayari kufanya maigizo yale mara ya pili.

"Nitasema ni mimi," alisema.

Neno hilo lingeaminika mara moja. Jemima alikuwa na sifa zake. Siku ya mwaka mpya aliufunga mkanda wa presha kwenye paja la mbuzi lililokuwa likingoja kuokwa, akamwita baba yake aje haraka kwa sababu mgonjwa hana mapigo. Kesho yake baba yake alimwekea sharti moja tu, kwa sauti ya chini inayotisha kuliko ya juu: achezee chochote, gari asiliguse.

"Ubebe aibu yangu kama mfuko wa soko?" Magokoro alisema. "Hapana. Sikukulea hivyo."

"Basi tuyarudishe matope. Baba anatoka kazini saa saba. Tuna saa mbili na nusu. Fungasha, lakini fungasha polepole."

Miaka mitatu ya bweni ilikuwa imemfundisha Jemima namna ya kufanya kitu kichafu kionekane safi kabla ya ukaguzi. Hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha kinyume chake. Alivaa viatu, akashuka ngazi za ghorofa zote nane kwa sababu lifti ilikuwa ikiwaza, akatoka nje.

Mkono wa kulia wa jengo lao palikuwa pakichimbwa msingi wa ghorofa mpya. Kwa wiki nzima malori yalikuwa yakitoka mle na matairi mazito, yakiacha mabonge barabarani, na Jemima, ambaye hakuwa amewahi kuyatazama mabonge hayo isipokuwa kuyaruka, sasa alipiga magoti mbele yake. Chini ya lami, mji ule mzima umekalia udongo mwekundu. Alijaza mfuko wa mkate.

"Jemima!" Ilikuwa sauti ya Barwako, jirani wa ghorofa ya pili, aliyekulia Eastleigh kule nyumbani na hakuwahi kukosa dirishani. "Mama yako anajua unaokota uchafu barabarani?"

"Ni wa sayansi, shangazi!"

"Jumamosi?"

"Sayansi haipumziki!"

Saa tano kasoro dakika tano alikuwa jikoni. Magokoro aliuchukua udongo, akausugua kati ya vidole, akaunusa.

"Huu umepauka. Wetu una damu."

"Huu ndio upo."

Magokoro aliufikiria. Sanduku lilikuwa nyuma yake mlangoni, limejaa nusu. Halafu akakunja mikono ya sweta. Akachemsha majani ya chai mpaka maji yakawa meusi, akaulowesha udongo, akaumwaga kwenye kikaango na kuukaanga kama karanga. Moshi ukapanda. Kengele ya moshi ikalia darini, ikalia jengo zima lisikie, na Jemima akapanda juu ya kiti akaipepea kwa kitabu cha nyimbo za kanisa huku bibi yake akiendelea kukoroga bila kuinua macho. Walipouchekecha kwa kichujio cha chai, ulikuwa unga laini, wa rangi ya tofali lililoiva.

"Sasa umekaribia," alisema Magokoro.

Saa tano na nusu. Jemima aliliinua gari kwa ncha za vidole ili alihamishe mezani, na hapo akaligeuza tena. Mlango wa kushoto ulikuwa mtupu. Kile kioo kidogo cha pembeni, kidogo kuliko punje ya mchele, hakikuwepo.

Walikitafuta kwenye kitambaa. Walikitafuta kwenye mswaki. Walipekua sinki kwa tochi ya simu, wakakiona: kimekwama ukingoni mwa tundu la maji, na tone moja la bomba likining'inia juu yake, likinenepa.

"Usiguse bomba," alinong'ona Jemima.

"Sijagusa."

"Usipumue."

Aliteremsha kibano cha baba yake polepole. Tone likadondoka. Kioo kikasogea kwa unene wa unywele, kikasimama. Jemima akakibana. Alipokiinua, Magokoro alitandaza kiganja chini yake kukidaka.

Kukibandika kulikuwa jambo jingine. Gundi kali ilikuwa mezani, inashika kwa sekunde tano, na mtu mwenye haraka angeichukua. Lakini Jemima alikuwa amemsikia baba yake akihubiri miezi saba: mvuke wa gundi ile hutia ukungu madirisha ya plastiki, na ukungu huo hautoki tena. Alichukua gundi nyeupe ya shule, inayohitaji dakika kumi za kushikiliwa. Kwa dakika kumi nzima alikaa amekibana kioo, jasho likimtambaa puani, naye hana mkono wa kulifuta. Magokoro alilifuta kwa kona ya leso, akihesabu dakika kwa sauti.

Saa sita na robo. Waliuchanganya unga na vanishi isiyong'aa. Jemima alichovya brashi na kuanza kupaka ubavuni, akiitazama picha.

"Unapaka siagi?" Magokoro aliuliza.

"Baba alipaka hivi."

"Baba yako alikulia mjini. Nipe." Aliishika brashi kama anavyoishika sindano. "Tope hulitoka gurudumu, hurushwa nyuma na juu. Hapa nyuma ya tairi ni zito. Hapa katikati ni vitone. Mlango wa dereva, chini ya kitasa, huwa safi kidogo, kwa sababu anaufunguafungua. Na kioo cha mbele amekifuta kwa mkono, hakungoja waipa."

"Umejuaje yote hayo?"

Magokoro alikuwa amefika kwenye buti. Aliweka brashi chini, akachukua njiti ya kiberiti, akaitafuna ncha mpaka ikachanika nyuzi nne, akaichovya, akaigusisha kwenye buti jeupe. Ikabaki alama ndogo, ya kiganja chenye vidole. Akagusisha tena, na tena.

"Magari yale hayakutoka topeni yenyewe," alisema. "Pasaka, mvua ilipokuwa ikinyesha Keroka, tulitumwa dukani tukaishia kusukuma."

Alama ya tisa ilikuwa bado mbichi funguo zilipogonga kitasa cha mlango. Saa sita na dakika thelathini na tano. Mgonjwa wa mwisho wa Fanuel alikuwa ameahirishwa.

Magokoro alikuwa jikoni kabla mlango haujafunguka. Jemima alibaki peke yake na gari, kikaango kikinuka nyuma yake na vidole vyake vyekundu hadi kwenye kucha. Alivificha mgongoni.

"Kwa nini lifti imejaa watu wanaozungumzia moto?" Fanuel aliuliza, akivua koti. Halafu akaliona gari.

Alikuja mezani. Alivaa miwani yake yenye lenzi, akainama. Aliinama muda mrefu mno. Jemima alisikia saa ya ukutani, saa ambayo hakuwahi kujua kwamba ina sauti. Fanuel aligeuza meza ndogo ya duara ambayo gari lilisimama juu yake: ubavu wa kulia, pua, ubavu wa kushoto. Mshipa wa shingo yake ulikuwa unacheza.

"Hili silo tope langu," alisema.

Jemima alivikunja vidole vyake mgongoni.

"Nani amegusa gari?"

"Mimi."

"Ulifanya nini?"

"Niliosha. Halafu nikapaka jingine."

"Kwa nini?"

Alitafuta sababu, akapata ile moja ambayo kila mtu angeikubali. "Mzaha."

Fanuel alivua miwani. Jemima alikuwa amejiandaa kwa kelele, kelele alizizoea. Baba yake hakupiga kelele. Aliketi kama mtu aliyetoka zamu ya siku mbili.

"Mzaha," alisema. "Sawa. Ile meza nitaikunja leo. Na wewe, Jemima, sitakuamini tena na kitu chochote kinachovunjika."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Magokoro alivuka kizingiti. Akakanyaga zulia ambalo hakuwahi kulikanyaga mkwe wake akiwa juu yake, akaja mpaka kwenye meza, akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye gari, lakini maneno hayakupitia posta.

"Fanuel."

Fanuel alisimama kwa kishindo, kiti kikaanguka. Jina lake lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mle.

"Mtoto anadanganya ili anifunike. Mimi ndiye niliyeliosha gari lako. Niliona ni uchafu. Nilitaka kukufanyia jambo jema bila kukusemesha, nikaharibu kazi ya miezi saba. Sanduku langu liko tayari."

Heshima haikumruhusu Fanuel kumjibu, na kutomjibu kulikuwa ni kumfukuza. Aliviangalia viatu vyake. Aliangalia dirisha. Mwisho, kwa kukosa mahali pengine pa kutazama, akaligeuza gari, akaona buti.

Alivaa miwani tena.

"Jemima," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Muulize bibi yako. Hii mikono ni ya nani?"

Jemima aligeuka. "Magokoro, baba anauliza hii—"

"Nimesikia. Ni yetu. Watoto wa Keroka. Lilikuwa limekwama pale chini kwenye daraja, wazungu wamepita, Wahindi wamepita, lile likakwama. Tulilisukuma. Huo mdogo wa pembeni ni wangu, nilikuwa na miaka kumi na tano." Alimeza mate. "Mwambie kama haufai, nitaufuta."

Fanuel alizihesabu alama kwa ncha ya kibano, bila kuzigusa. Alifika tisa. Akazitafuta kwenye picha, pua ikikaribia kioo cha fremu, ambako kwenye kona ya buti palikuwa na doa ambalo miezi saba alilichukulia kuwa kasoro ya kamera.

"Mwambie bibi yako," alisema polepole, "avae koti. Gurnam anatungoja saa tisa, na mimi sijui kuyaeleza matope haya."

"Magokoro, baba anasema—"

"Na lile sanduku," Fanuel aliendelea, akiwa ameinama kuokota kiti, "mwambie mwezi wa nane bado."

Magokoro alirudi jikoni, na walimsikia akifungulia bomba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kwa mzee Gurnam, kule Sparkbrook, nyumba ilikuwa imejaa wajukuu na sambusa. Magokoro alilibeba gari mwenyewe kwenye basi, ndani ya sanduku la viatu, na hakumruhusu mtu kuketi karibu naye. Gurnam alilipokea kwa mikono miwili. Aliomba lenzi yake. Aliangalia kioo kilichofutwa kwa mkono, akacheka kidogo puani. Aliangalia mlango wa dereva. Alipofika nyuma, lenzi ikasimama.

"Nani ameweka hii?" aliuliza.

Fanuel alikohoa, akasogea kando. Gurnam hakuwa mkwe wa mtu pale ndani, kwa hiyo Magokoro alimtazama machoni.

"Mimi. Mlikwama Keroka, kwenye daraja. Tulisukuma. Mlipochomoka mkatumwagia tope mpaka kwenye meno, mkaenda zenu. Hata asante hamkusema."

"Gari ilikuwa rangi gani, mama?"

"Nyeupe."

"Zote zilikuwa nyeupe."

"Basi ilikuwa yenu."

Gurnam alilitazama gari tena. Jemima, aliyekuwa ameshika sambusa ya pili, aliirudisha sahanini. Yule mzee aliweka lenzi mezani, akaegemea fimbo, akasimama kwa miguu yake mibovu, jambo ambalo bintiye Neeta alimpigia kelele asilifanye.

"Kamaljit alikuwa na haraka," alisema. "Asante, mama. Asante kwa kusukuma."

Magokoro aliifikiria ile asante kana kwamba anaipima kwenye mizani.

"Imechelewa," alisema. "Lakini kaa, usianguke. Jemima, mwambie baba yako aniletee chai."

Fanuel alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alikwenda kuileta kabla Jemima hajafungua mdomo.